Shairi Lililotumwa Lijibiwe

Ndugu zangu wapenzi wa ushairi, mlioko pwani na bara, visiwani na ughaibuni, nawaandikieni waraka huu kwa taadhima na kwa moyo mzito, kwa sababu jambo tunalolipenda sote linadhoofika mbele ya macho yetu, na kudhoofika kwake hakukuletwa na adui wala na amri ya serikali yoyote, bali na kimya chetu wenyewe. Makundi ya simu na ya intaneti ambamo malenga wa Mombasa aliweza kutuma beti zake asubuhi, akajibiwa kabla ya adhuhuri na mwenziwe wa Tabora, na wa tatu akaingia kati kutoka Maskati ili awapatanishe au awachochee zaidi, leo aghalabu yamebaki na majina ya wanachama bila ya sauti zao. Shairi hutumwa, likasomwa na watu wengi, likapewa dole gumba na wachache, kisha likafunikwa na tangazo la mchango wa harusi, na aliyelitunga akakaa siku mbili tatu akifungua simu yake kutazama kama kuna aliyemjibu, hata akakata tamaa asitunge tena.

Huenda akatokea mtu akasema kuwa hayo ni pumbao tu la watu wenye wasaa, na kwamba dunia ina misiba mikubwa zaidi ya kulilia. Misiba hiyo ipo, nami siikanushi. Lakini mwenye kusema hivyo hajazingatia namna ushairi wetu ulivyokua. Shairi la Kiswahili, tangu zama tunazozijua kwa yakini, halikuwa sauti ya mtu mmoja anayesema pekee chumbani, bali lilikuwa neno lililomwendea mtu na kungoja neno la kurudi. Katika siku za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, tungo zilivuka bahari baina ya Mombasa na Lamu, wakati miji hiyo miwili ilipokuwa katika uhasama uliofikia kilele chake katika vita vya Shela; na mshairi wa upande mmoja aliutungia mji wa pili kwa kejeli na mafumbo huku akijua kuwa majibu yatakuja, na kwamba watu wa mji wake watampima kwa namna atakavyoyapokea. Tungo hizo zilitufikia kwa sababu walikuwapo watu waliozihifadhi vifuani, na kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kwa bidii na kumsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuziandika, hata William Hichens akazichapisha katika kitabu mwaka 1940, karne nzima baada ya kufa mwenyewe.

Kisha yakaja magazeti, na hapo ndipo palipokuwa na baraza ambalo mimi naliona kuwa babu wa makundi yetu ya leo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa mashairi ya wasomaji, na magazeti mengi yaliyolifuata yakashika mwendo huo huo. Mtu wa Ujiji aliuliza fumbo kwa beti sita. Barua yake ikasafiri kwa garimoshi, ikakaa juu ya meza ya mhariri, ikachapwa, gazeti likarudi bara kwa garimoshi, likasomwa kwa sauti mbele ya duka na mwenye kujua kusoma, na ndipo mtu wa Kilosa au wa Tanga akaketi chini kutunga jibu lake, nalo likaanza safari ile ile upya. Kuulizana na kujibiana kuliweza kuchukua miezi, wala hakuna aliyechoka. Palikuwa na adabu zake: mtungaji alibisha hodi kwa mhariri katika ubeti wa kwanza, akamtaja kwa heshima yule anayemjibu hata kama alikuwa amekuja kumvunjia hoja zake zote, na katika ubeti wa mwisho akataja jina lake au lakabu yake na mahali alipo, ili atakayetaka kumfuata ajue pa kumpata. Wengi walijuana kwa miaka kwa lakabu tu, bila ya kuonana uso kwa uso.

Nawaombeni mzingatie watu hao walikuwa akina nani. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha alipokuwa akipeleka mashairi yake gazetini. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyetuachia ngonjera, aliishi kwa kazi za utawala na mahakama. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, ambacho hadi leo hakuna anayejifunza mizani na vina asiyekisikia, alikuwa na shughuli za dini na za siasa za kumtosha mtu yeyote. Saadani Kandoro alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Ushairi haukuwa ijara yao; ulikuwa mapenzi yao, jambo walilolifanya jioni baada ya kazi, kwa taa ya kandili na kwa kalamu ya wino, na stempu waliinunua kwa mshahara mdogo. Haiwezekani basi kwamba sisi, ambao shairi letu hufika Maskati kabla hatujaiweka simu chini, tumekosa wakati ambao wao waliupata.

Hata ugomvi wao ulikuwa na tija. Pale Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wenzake kama Mulokozi na Kahigi wakasimama kuutetea utungaji wa namna hiyo, wakongwe kama Kandoro na Mayoka waliikataa katakata hoja ya kwamba utungo usio na vina wala mizani waweza kuitwa shairi. Maneno makali yalisemwa pande zote mbili. Lakini katika ukali huo kila upande ulilazimika kueleza shairi ni nini, limetoka wapi, na kwa nini sikio la Mswahili hupenda kusikia kina kikirudi mahali pake. Na wanafunzi wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya wamekuwa wakisoma mabaki ya mjadala huo darasani kwa kiasi cha nusu karne sasa. Mimi mwenyewe niko upande wa wakongwe katika shauri hilo, nalisema waziwazi. Hata hivyo nawashukuru vijana wa wakati ule kwa kutukalifisha kufikiri. Nauliza ni kundi gani la leo lenye nguvu ya kubeba mjadala wa namna hiyo kwa mwezi mmoja tu.

Sababu za kimya hiki ni nyingi, na baadhi yake haziko mikononi mwetu. Kampuni zinazomiliki mitandao hupanga zenyewe kipi kionekane kwanza na kipi kizame, na kinachoonekana ni kile chenye kushtua, si kile chenye kuhitaji mtu atulie ahesabu mizani kumi na sita. Vifurushi vya intaneti vina bei, na mtu akiwa na kidogo hukitumia kwa yaliyo lazima. Lakini sababu mbili ni zetu wenyewe, nazo ndizo zinazoniuma. Ya kwanza ni kuchanganya mambo: kundi lililoundwa kwa ajili ya ushairi likaruhusiwa kuwa mahali pa siasa, pa matangazo ya biashara, pa dua za kusambazwa kwa watu kumi, na pa picha za video zilizotoka hakuna ajuaye wapi, hata yule aliyeingia kwa ajili ya beti akazima sauti ya kundi zima asisikie tena chochote. Ya pili ni nzito zaidi. Kijana huleta utungo wake wa kwanza, kina cha kati kimeanguka katika ubeti wa tatu, mizani imezidi moja. Na badala ya kufundishwa, huchekwa na mabingwa mbele ya kadamnasi, akaambiwa arudi shule. Kijana huyo hatutungii tena. Tukimfukuza kila anayejifunza, kisha tukalalamika kuwa baraza limejaa wazee walionyamaza, lawama tumpelekee nani?

Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba tutende, na tutende pamoja, maana jambo hili mtu mmoja halimudu. Kila mwenye kupenda ushairi aazimie kwamba shairi la mwenziwe akilisoma na likamgusa, au likamkera, hatalipita kwa dole gumba, bali atalijibu walau kwa ubeti mmoja, wenye vina vya utungo aliousoma, ili mwenye nao ajue kuwa umepokewa na mtu. Asiyejua kutunga na aseme kwa nathari alichokielewa. Hilo nalo ni jibu, tena huenda likawa na manufaa zaidi. Wasimamizi wa makundi wasione haya kuyaondoa yasiyohusika, kwani kulinda mlango wa baraza si jeuri. Na wale ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia ujuzi wa arudhi, wakiona kosa la mwanafunzi, wamwendee faraghani kama alivyofanya mwalimu mwema siku zote, na hadharani wamsifie lile alilopatia.

Kwa wahariri wa magazeti na wasimamizi wa vipindi vya redio nina ombi moja fupi: pale mnapochapisha au mnaposoma shairi, wekeni nafasi ya jibu lake katika toleo au kipindi kinachofuata, na mlitaje shairi la kwanza kwa jina na tarehe. Ukurasa wa mashairi usio na majibizano ni nusu ya ukurasa.

Lipo jambo jingine ambalo halistahili kuahirishwa, nalo ni kuzihifadhi tungo zetu. Mwezi wa Desemba mwaka 2020 kampuni ya Yahoo ilifunga makundi yake ya majadiliano, ambayo kwa takriban miaka ishirini yalikuwa makazi ya wapenzi wa mambo chungu nzima ulimwenguni, wakusanya stempu, watunza bustani, wapenda redio za masafa mafupi. Na kumbukumbu za makundi hayo zilikuwa zimekwisha anza kufutwa hata kabla ya siku ile. Walioziokoa baadhi yake ni watu wa kujitolea waliozinakili kwa haraka. Mashairi yetu ya leo yamo ndani ya simu, na simu huibwa, huanguka majini, hubadilishwa. Muyaka alimpata Mwalimu Sikujua. Sisi tunamtegemea nani? Kila kundi na limteue mtu mmoja mwaminifu wa kunakili tungo na majibu yake, kwa ridhaa ya wenyewe, pamoja na majina na tarehe, akatoa nakala kwa karatasi, na nakala moja ikapelekwa kwenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kwenye Nyaraka za Taifa Zanzibar, au kwenye maktaba ya chuo chochote kilicho karibu. Na aliye na daftari la marehemu baba yake au mama yake, au vipande vya magazeti ya zamani vilivyokatwa na kutunzwa sandukuni, asingoje mchwa. Avipige picha kwanza, kisha atafute mahali pa kuvihifadhi.

Ili wito huu usibaki maneno matupu, naweka mada ya kuanzia, nyepesi, isiyo ya chama wala ya dini, ambayo mkubwa na mdogo waweza kuisemea. Mwembe umepandwa na mtu mpakani mwa kiwanja chake, ukakua, na matawi yake yakainamia uani kwa jirani. Maembe yaangukayo upande wa pili ni ya nani, ya mpanzi aliyeumwagilia au ya jirani anayefagia majani kila asubuhi? Bahari ni ya shairi, mizani kumi na sita kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho, beti zisipungue tatu, na jina au lakabu ya mtungaji katika ubeti wa mwisho. Anayemtetea mpanzi na atangulie, katika kundi lolote alimo, leo jioni. Na atakayemsoma ajue kuwa zamu ni yake.