‘Tanga Kunani’ bado yadai jibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelizoea kama kichekesho. Jambo lenyewe ni albamu ya kwanza ya vijana wawili wa Tanga, Mkoloni na Dr. John, wajulikanao kwa jina la Wagosi wa Kaya. Albamu hiyo, ‘Ukweli Mtupu’, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wimbo wake mmoja, ‘Tanga Kunani’, uliuliza mji na mkoa huu umekumbwa na nini hata ukarudi nyuma. Lilikuwa ni swali la uchumi, nasi tukalijibu kwa kicheko.

Kwa faida ya wasomaji ambao wakati huo walikuwa wadogo, au wako mbali na huku kwetu, nieleze kidogo. Katika lugha za huku, mgosi ni mwanamume na kaya ni nyumbani. Kwa hiyo wagosi wa kaya ni wanaume wa nyumbani, watu wenye haki ya kuusemea mji wao. Muziki wa kufoka kwa Kiswahili ulikuwa umeanza kusikika miaka ya mwanzo ya 1990, pale Saleh Jabir alipotia maneno ya Kiswahili katika midundo ya Kimarekani. Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania. Radio One ilipoanza mwaka 1994, vijana walipata mahali pengine pa kusikika. Mr. II akatoa albamu zake, na mwaka 2001 Profesa Jay akatoa ‘Machozi, Jasho na Damu’. Lugha ya muziki huo ilikuwa zaidi ile ya vijiwe vya Dar es Salaam. Wagosi wa Kaya walikuja na lafudhi ya Tanga, nzito kwa makusudi, na masikio mengi yakanasa kwenye lafudhi hiyo.

Yafaa pia tukumbuke kanda zilivyokuwa zikitengenezwa siku zile. Studio nyingi zilikuwa Dar es Salaam, na wasambazaji wakubwa walikuwa huko huko. Kijana wa mkoani alipanda basi na maneno yake kichwani, akarekodi, kisha akapatana na msambazaji, ambaye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kurudufu kanda kwa maelfu na kuzipeleka mikoani. Sheria Namba 7 ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwa imepitishwa mwaka 1999, na chombo chake, COSOTA, kilikuwa bado kichanga. Kanda za wizi ziliuzwa hadharani kwenye vituo vya mabasi. Kwa utaratibu huo, hata malalamiko juu ya umaskini wa mkoa yalitoka mkoani yakiwa ghafi, yakatengenezwa na kuuzwa kwingine. Wakulima wa mkonge wanaijua hali hiyo vizuri.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Jibu la mitaani lilikuwa jepesi. Ati watu wa Tanga ni wavivu, wamezama katika mapenzi na ngoma, na ndiyo maana mji wao ni ‘waja leo waondoka leo’. Msemo huo hunogesha mazungumzo, lakini haufungi wala haufungui kiwanda. Katika sensa ya mwaka 1967, mji wa Tanga ulikuwa wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara, ukiwa na watu wapatao 61,000. Kufikia sensa ya mwaka 2002, karibu na wakati ilipotoka albamu hii, Mwanza, Arusha, Mbeya na Morogoro zilikuwa zimeupita. Je, watu wale wale waliokuwa wachapakazi mwaka 1967 waliamka siku moja wakawa wavivu?

Sababu ya kwanza ni mkonge. Zao hili lililetwa na Wajerumani mwaka 1893, na mwaka huo huo ndipo reli ilipoanza kujengwa kutoka bandari ya Tanga. Reli hiyo ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yakaenea pande zote za njia, na vibarua wakaletwa kutoka mbali, wale tuliowaita manamba. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge. Ndipo kamba za plastiki zilipoingia katika soko la dunia na bei ikaporomoka. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa katika wakati mbaya wa bei, na usimamizi wake baadaye haukuwa wa kuyaokoa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hata kukaribia tani 20,000. Yaani katika kila tani kumi na moja, ilibaki moja. Mji uliojengwa juu ya zao moja ulianguka nalo.

Sababu ya pili ni njia. Mwaka 1963 ilifunguliwa reli ya kuunganisha Ruvu na Mruazi, hapa jirani na Korogwe. Kwa taifa hilo lilikuwa jambo jema, kwani reli ya Tanga na reli ya kati zilishikamana. Lakini tangu siku hiyo mzigo wa Moshi na Arusha uliweza kwenda hadi bandari ya Dar es Salaam bila kupitia Tanga. Barabara kuu kupitia Segera na Chalinze nayo ikaongeza wepesi wa njia hiyo hiyo. Bandari yetu ikabaki na kina kifupi, meli kubwa zikipakuliwa mbali kwa matishari.

Sababu ya tatu ni viwanda vyenyewe. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, na vijana wa wakati huo walikiona ni ukombozi. Lakini sehemu kubwa ya malighafi yake ilitoka ng’ambo kwa meli. Fedha za kigeni zilipoadimika katika miaka ya 1980, kiwanda cha namna hiyo hakikuwa na pumzi. Kilifungwa mwaka 1991.

Nimeyataja haya ili kuonyesha kwamba ‘Tanga Kunani’ lilikuwa swali lenye majibu. Majibu hayo yamo katika takwimu, katika ramani ya reli na katika hesabu za viwanda. Yangeweza kutolewa na viongozi wa mkoa, na wasomi, na hata walimu wetu madarasani. Badala yake tuliwapigia makofi vijana, tukaiga lafudhi yao, tukaenda zetu.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, sipendi kuisifu albamu hii bila kuipima. Wimbo wake mwingine, ‘Wauguzi’, uliwashutumu wauguzi kwa kuwatendea wagonjwa vibaya. Hakuna asiyejua kwamba lugha chafu wodini ilikuwapo, na mgonjwa alistahili kusemewa. Lakini mwaka 1993 Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa gharama katika hospitali zake, na mwaka huo huo ajira za Serikali zilisimamishwa chini ya masharti ya mageuzi ya uchumi. Muuguzi akabaki na wodi iliyojaa, dawa chache, na mgonjwa aliyetozwa fedha asiyokuwa nayo. Hali hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumtukana mama mjamzito, lakini anayetaka kuiponya hospitali sharti aitazame pia. Katika ‘Wauguzi’ lawama ilimwangukia mtu aliye karibu, yule tunayemwona dirishani. Katika ‘Tanga Kunani’ vijana walitazama mbali zaidi, na ndiyo maana naona wimbo huo una uzito kuliko mwenzake.

Kwa nini nayaandika haya leo? Kwa sababu Tanga inaamka tena. Bandari imechimbwa na kuongezewa kina. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda limepangiwa kuishia Chongoleani. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudishwa Desemba 2019, baada ya kukoma kwa zaidi ya miaka 20, na Korogwe imo katika njia yake. Mkonge nao unapandwa upya, na wakulima wadogo wanalima katika mashamba kama ya Hale, Ngombezi, Magunga na Magoma. Serikali ilijiwekea lengo la tani 120,000 ifikapo mwaka 2025. Tuseme kweli, hata lengo hilo ni kama nusu tu ya kile tulichowahi kuzalisha mwaka 1964.

Haya yote ni ya kushukuru. Hofu yangu ni kwamba tunaweza kuyarudia yale yale. Kama mkonge utaendelea kuondoka ukiwa singa tu, bei ya ng’ambo ikishuka tutaanguka tena. Kama bandari na bomba vitawanufaisha wapita njia, na kijana wa Kilole akabaki kuuza maji na matunda kwenye madirisha ya mabasi, basi miaka 20 ijayo atatokea kijana mwingine na wimbo ule ule.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, Bodi ya Mkonge na halmashauri zetu zituambie kila mwaka, kwa lugha nyepesi na kupitia magazeti kama hili, ni tani ngapi zimezalishwa, ni ngapi zimesokotwa kamba na magunia hapa hapa mkoani, na mkulima mdogo amelipwa kiasi gani. Mwananchi akizijua hesabu hizo ataweza kuuliza mapema, kabla kiwanda hakijafungwa. Pili, redio na wasomi wetu wakipata wimbo wenye swali zito, wasiishie kuupiga na kuucheka. Wawaite wahusika, wahojiwe, watoe majibu yenye tarakimu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Vijana wale waliuliza kwa lafudhi ya nyumbani, mbele ya taifa zima. Ni wajibu wa waliopewa dhamana ya mkoa huu kuwajibu.

Msomaji wako,
Kilole, Korogwe.