Tuandike wenyewe, tuache kuandikiwa

Vijana wenzetu, wanafunzi wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Bunia, Kisangani, Kalemie na Lubumbashi, na nyinyi wote wenye vita imewatoa kwenu katikati ya masomo,

Tuseme bila kuzunguka. Wengi kati yetu tunamaliza chuo kikuu bila kujua kuandika. Kunakili, tunajua. Kupanga sura ya kwanza, ya pili na ya tatu, tunajua. Ukurasa wa shukrani kwa Mungu, kwa wazazi na kwa mkubwa wa fakilte, huo tunauandika vizuri kabisa. Lakini mtu akituomba kurasa mbili tu juu ya bomba yenye imekauka katika kartie yetu, kurasa zenye mama wa sokoni na mkubwa wa komine wote wawili wataelewa, tunaanza kutoka jasho. Kisha tunatafuta nani atatuandikia.

Wakubwa wanasema ni kosa letu: "Vijana ya leo hawasome, wanashinda kwenye telefone." Hapana. Huo mzigo hatutaubeba peke yetu.

Muangalie njia yenye tulipitishwa. Mwisho wa sekondari kuko examen d'État. Mbele ya session yenyewe tunaandika dissertation moja. Kisha zinakuja siku nne za kuchagua jibu kati ya herufi, na mashini njo inasahihisha. Ile dissertation, nani kati yetu aliwahi kurudishiwa karatasi yake yenye wino mwekundu, aone ni sentensi gani iliharibika? Unapata asilimia, basi. Unaingia chuo kikuu, unakuta silabusi ya kununua, na asiyenunua anajua chenye kitamupata. Unakariri silabusi, unairudisha kwenye examen vile vile ilivyo, wanakupa 12 kwa 20. Sababu gani 12 na si 9? Hakuna anayejua. Darasa la kwanza linaweza kuwa na watu mia na mia, asistanti mmoja, naye anangojea mshahara. Hatumulaumu yeye kwa kutosoma karatasi mia tano neno kwa neno. Tunalaumu mpango wenye unaita hiyo kufundisha.

Kisha, mwaka wa mwisho, ghafula, wanakuomba kurasa sitini. Mtu mwenye hajawahi kuandika kurasa tatu zake mwenyewe! Hapo njo biashara inazaliwa. Pembeni ya vyuo vyetu kuko nyumba ndogo yenye kompyuta mbili na mashini ya fotokopi, na mule ndani TFC ao mémoire inauzwa kama kikwembe: unachagua rangi, wanakukatia. Wanabadili jina la mji, wanabadili mwaka, "kesi ya Bukavu" inakuwa "kesi ya Uvira". Jury inapiga makofi, familia inaleta maua na Primus. Na yule kijana wa cyber, mwenye hana diplome hata moja, anarudi kazini. Yeye alau anajua kupanga sentensi.

Matokeo yake tunayaona kila siku, lakini hatuyaite kwa jina. Ripoti juu ya vita yetu, juu ya madini yetu, juu ya dada zetu, zinaandikwa Kinshasa, Nairobi, Bruxelles na New York. Watu wanafika, wanatuuliza maswali, tunawapeleka kwenye kambi, tunawatafsiria, wanaenda kuandika. Sisi tunabaki ndani ya ripoti kama "kijana mmoja wa eneo hilo". Hatusemi waache, nyingi ya ripoti hizo zilitusaidia. Tunauliza tu: mashahidi wa hapa wako wapi, wenye majina na tarehe zao?

Mukumbuke RAM, ile makuta yenye walikuwa wanakata kwenye unite zetu tangu 2020 eti juu ya kuandikisha telefone. Watu walikasirika, vijana walipiga kelele, na mwaka 2022 ikaondolewa. Ni ushindi. Lakini nani kati yetu aliandika, siku kwa siku, kiasi gani walimukata, tarehe gani, na mtandao ulimujibu nini? Tulilalamika kwenye status ya WhatsApp. Status inakufa nyuma ya masaa 24. Leo mtu akitaka kuhadisia wadogo wetu ile mambo, atakosa pa kushika.

Njo maana tunasema: kila mwanafunzi afungue blogu. Iwe ukurasa wake kwenye intaneti, wenye jina lake, wenye anaweka maandishi yake na wenye mtu yeyote anaweza kufungua leo, mwezi ujao, ao nyuma ya miaka tano. WordPress na Blogger zinaruhusu kuanza bila kulipa kitu.

Kuko wenye watasema: kuandika ni kipaji, ao unacho ao hauna. Hao hawajue historia ya nchi yao. Mwaka 1945, Léopoldville, gazeti La Voix du Congolais lilianza. Mwaka ule ule Paul Lomami Tshibamba aliandika mule akiuliza nafasi yetu itakuwa gani katika dunia ya kesho, na swali hilo lilimuletea mateso kwa utawala wa Wabelgiji. Miaka mitatu nyuma yake, kitabu chake Ngando kikatoka, nacho kilipata zawadi Bruxelles. Na Patrice Lumumba? Alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, Kisangani ya leo. Hakupita chuo kikuu. Lovanium yenyewe ilifunguliwa 1954 tu. Lakini alikuwa anatuma maandishi kwa La Voix du Congolais na kwa La Croix du Congo, na watu walikuwa wanasoma. Ukitafuta maandishi yake ya kwanza, utakuta kijana mwenye kuongea kwa heshima nyingi mbele ya Mbelgiji, hata inaumiza kusoma. Mawazo yake yalikomaa mbele ya macho ya wasomaji. Sisi tunakumbuka hotuba ya tarehe 30 Juni 1960 kama vile ilianguka kutoka mbinguni asubuhi ile. Ilikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kuandika nyuma yake.

Na magazeti yale yalikuwa chini ya jicho la mkoloni ao la misioni. Mtu alipashwa kukubaliwa kwanza. Wewe leo hakuna mwenye utaomba ruhusa mbele ya kuandika juu ya barabara ya kwenu.

Kama profesa anasema blogu ni mchezo wa watoto, mumuambie juu ya Célestin Freinet. Huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1924 aliingiza mashini ndogo ya kuchapa ndani ya darasa. Watoto wakaandika maisha yao, wakachapa wenyewe, wakatumia watoto wa shule ingine, mbali, kule Bretagne, nao wakawajibu. Alielewa jambo lenye vyuo vyetu bado havitaki kuelewa: mtoto anachunga sentensi yake akijua kuko mtu wa kweli mwenye ataisoma na mwenye haoni chenye yeye anaona kwa dirisha. Mwalimu mwenye kutafuta makosa tu hatoshi.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anataka kuandika juu ya uchafu wa mji. Vile walimuzoeza, ataanza hivi: "Usafi ni jambo la muhimu sana katika maisha ya mwanadamu." Kwa Kifaransa ni mbaya zaidi, ataanza na "Dans un monde en perpétuelle mutation". (Hiyo dunia yenye kubadilika bila kusimama, tunaikuta kwenye kila TFC tangu tungali wadogo, na bado haijafika popote.) Asistanti ataacha hiyo sentensi ipite, juu yeye pia aliandika vile. Msomaji wa blogu hataiacha. Atauliza chini: wapi? lini? nani? Na kama hauna jibu, anaenda zake kuangalia mupira.

Basi wiki yenye kufuata yule kijana anashuka kwenye soko la Kadutu na kaye yake. Anaandika: "Mvua ilikoma saa mbili ya asubuhi. Mama mmoja alipanga sombe yake juu ya mufuko ya sima, juu chini ilikuwa matope. Jeto ya takse ya siku ile ilikuwa mukononi mwake. Nilimuuliza hiyo takse inafanya kazi gani. Alinionyesha matope." Hakuna maneno makubwa mule. Lakini mkubwa wa soko akisoma, hatalala vizuri. Na hakuna cyber yenye inaweza kuuza maandishi yale, juu yule mwenye kuuza hakuwa pale.

Hivyo hivyo na ChatGPT. Tunajua wengi wanaitumia, na kwa kutafuta neno ao kusahihisha virgule hatuone ubaya. Lakini mashini haikusimama Kadutu asubuhi ile. Ukiiomba iandike juu ya uchafu, itakurudishia "usafi ni jambo la muhimu sana", imepakwa mafuta tu. Na siku jury ao polisi ao mwandishi wa redio atakuuliza "uliona nini?", haitakuwa kando yako.

Sasa visingizio, juu tunavijua, tunavisikia kila jioni.

"Kifaransa yangu ni mbaya, watanicheka." Watakucheka, ndiyo. Wakongomani tunacheka Kifaransa cha mwenzetu kuliko Wafaransa wenyewe, ni ugonjwa wenye tulirithi. Acha wacheke, sahihisha, endelea. Ao andika Kiswahili! Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza, inataja Kiswahili kati ya lugha inne za taifa. Na usingojee kwanza kuongea kama mtu wa Dar es Salaam. Andika hiki cha kwetu, chenye "ao" na "juu" ndani yake, lakini kiandike kwa uangalifu, msomaji asipotee. Mwenye kujua kupanga wazo lake wazi katika lugha ya mama yake, Kifaransa kitamushinda kidogo tu.

"Mega ni bei." Ni kweli, na mapambano juu ya bei ya intaneti hatujayaacha. Lakini tusidanganyane. Ukurasa mzima wa maandishi hauna uzito: hata kilobaiti kumi haufiki mara nyingi. Video moja ya dakika moja inakula mega kadhaa, na hizo tunazipata kila usiku. Andika kwenye kaye, chapa kwenye telefone bila koneksio, na ukipata koneksio, tuma.

"Naogopa." Hiki si kisingizio, ni jambo la kweli, na hatutakuambia ukuwe shujaa kwenye kartie yenye watu wa silaha wanatembea. Kifungu cha 23 cha Katiba kinatupa haki ya kusema. Lakini serikali ilikata intaneti Januari 2015, ikaikata tena nyuma ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, na Code du numérique ya 2023 inaadhibu mwenye kusambaza habari za uongo. Basi andika chenye uliona, tenganisha na chenye uliambiwa, weka tarehe, ficha jina la mtu mwenye anaweza kuumizwa. Kama hali ya kwenu ni mbaya sana, anza na bei ya unga, na mupira, na hadisi ya babu yako. Mkono unajifunza hapo pia. Na chunga nakala kwenye kaye, siku intaneti itakatwa tena.

Njia haiko tupu, wenzetu walitangulia. Mondoblog ya RFI inafundisha wanablogu wa nchi zenye kusema Kifaransa tangu 2010, na Wakongomani wengi walipita mule. Habari RDC ilikusanya vijana wa miji mbalimbali ya nchi hii. Jirani zetu wa Burundi wako na Yaga. Musome hao, muone vile wanafungua maandishi na vile wanauliza.

Lakini musingojee mafunzo, perdiem na kofia yenye chapa ya mfadhili. Mujiweke watano watano, wa fakilte mbalimbali kama inawezekana, juu mwenye kusoma sheria na mwenye kusoma kilimo hawasamehe makosa ya aina moja. Kila mtu anaandika maneno mia nne kwa wiki. Jumatano munapeana kaye, kila mmoja anapiga mstari chini ya sentensi yenye hakuelewa, bila kueleza sana. Mwenye kuandika atajua. Ijumaa unaandika upya. Jumamosi unaweka kwenye blogu. Mara ya kwanza itakuwa watu saba wenye kusoma, watatu kati yao ni familia. Ni sawa. Hao saba ni wengi kuliko wenye walisoma examen yako.

Na kwa sisi wenye tutasoma: tuache kuandika "courage, mkubwa" peke yake chini ya maandishi ya mwenzetu, kisha kupita. Tumuulize swali moja la kweli: hiyo ilitokea siku gani, na nani mwingine alikuwa pale?