Msimbebeshe Fundi Zigo la Staa!

Wadau, ile klipu ya Subaru ya yule staa ikiingia majanini mmeiona wote. Mimi nasema, hata kama timu yake watanitukana: fundi hana kosa.

Jamaa alienda siku ya kukimbiza magari uwanjani, raundi ya nne pedali ya breki ikazama mpaka chini. Usiku huohuo akaingia laivu kumwita fundi wake muuaji. Sasa hivi gereji ya dogo wa watu iko kimya, wateja wamemkimbia, na ana mtoto mchanga nyumbani.

Kuna aliyemuuliza staa mafuta ya breki alibadilisha lini? Yale mafuta yananyonya unyevu wa hewani taratibu. DOT 4 mpya inavumilia angalau nyuzi 230, ikishakula maji inaweza kuchemka hata kwenye 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea, we unakanyaga upepo tu. Kwenye foleni za mjini hutajua. Uwanjani unashika breki kila kona!

Halafu springi zilikatwa na grainda ili gari ilale, ipendeze kwenye picha. Springi fupi, shokapu zilezile: gari inagonga chini, tairi inaruka badala ya kushika lami. Fundi alimkatalia, na mafuta alimkumbusha. Nilikuwepo, nasubiri pikipiki yangu. Akajibiwa, "We kata, hela yangu."

Hela ya rimu ilikuwepo, ya mafuta ya breki ikakosekana. Rudi laivu umuombe msamaha, kaka.