Breki Ndiyo Inayokunywa Mafuta

KANDO YA LAMI
Na Zuhura Mbwambo

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na kabla jua halijakaza kundi letu la WhatsApp la majirani wa Kibaha huwa limeshawaka moto. Bei ikipanda shilingi ishirini, kilio. Ikishuka arobaini, kuna atakayeuliza kwa nini haikushuka mia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoivusha petroli shilingi 3,000 kwa lita, hata wasiosoma magazeti waliijua ile ruzuku ya Serikali ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Sina ugomvi na hasira hizo, mafuta ni ghali kweli. Ninachoshangaa ni kwamba katika makelele yote hayo hakuna anayeutaja mguu wake wa kulia.

Tupige hesabu ya mtu wa Kibaha anayefanya kazi Posta. Ni kama kilomita 40 kwenda, 40 kurudi. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni kilomita 1,760 kwa mwezi, kabla hujaenda msibani wala harusini. Gari dogo la injini ya sisi 1,300 au 1,500, hizi IST na Raum tunazozifahamu, likiendeshwa kwa fujo litakupa kilomita 10 kwa lita. Likiendeshwa kwa utulivu, kupata 14 si muujiza. Tuiweke lita kwenye shilingi 3,000 ili kichwa kisiume: wa kwanza anachoma lita 176, sawa na shilingi 528,000, wa pili lita 126 hivi, shilingi 378,000. Laki moja na nusu kila mwezi, gari lilelile na barabara ileile.

Inakwenda wapi? Watu hunijibu haraka: injini imechoka, plagi, filta ya hewa, mafuta ya siku hizi yamechakachuliwa. Huenda. Lakini mahali pa kwanza pa kuitafuta ni kwenye breki.

Gari dogo na dereva wake vina uzito wa kilo 1,150 hivi. Ili lifike mwendo wa 80 umelichomea petroli, na injini imeigeuza robo tu ya nguvu ya petroli hiyo kuwa mwendo. Zilizobaki zimepotelea kwenye rejeta na bomba la moshi. Sasa unakuta tuta, au daladala limesimama katikati ya njia kumshusha mtu, unakanyaga breki mpaka gari linasimama. Mwendo wote ule uliokwisha kuulipia unageuka joto kwenye diski. Kwa hesabu ya makadirio umepoteza mililita 35 za petroli, shilingi mia na ushei. Ungekuwa unakimbia 110, kusimama huko huko kungekula karibu mililita 67, shilingi mia mbili, maana mwendo ukiongezeka kwa theluthi na kidogo, gharama ya kuuvunja inakaribia mara mbili. Kwa hiyo kila unaposimama ghafla kutoka 80 umetupa dirishani sarafu yenye sura ya Mwalimu. Kutoka 110, umetupa ile ya Mzee Karume. Ukiishika sarafu mkononi huwezi kuitupa. Kwenye breki tunazitupa tangu Maili Moja hadi Ubungo, na tukifika tunalaumu sheli.

Toyota walilielewa jambo hili zamani. Prius walioanza kuiuza Japani mwaka 1997 ina mota inayogeuka kuwa jenereta pale dereva anapopunguza mwendo, sehemu ya nguvu ile ikarudi kwenye betri badala ya kuishia kwenye pedi. Ndiyo maana hibridi hung'ara mjini kwenye simama-nenda kuliko kwenye barabara iliyo wazi. Sisi wa magari ya kawaida hatuna betri ya kuirudishia nguvu, tuna njia moja tu: tusiuzalishe mwendo ambao dakika ijayo tutauua.

Kwa vitendo maana yake ni kuangalia mbali. Si taa za gari lililo mbele yako, bali za la tatu na la nne kutoka hapo. Ukiziona nyekundu, toa mguu kwenye mafuta, acha gari lijiendee lenyewe likiwa kwenye gia. Mara nyingi utakapofika pale walipokuwa wamesimama wataanza kuondoka, na wewe utapita nao bila kusimama kabisa. Hapo ndipo inapopatikana tofauti kati ya 10 na 14.

Najua hoja inayokuja: "Dada, wewe acha nafasi hiyo uone, Noah tatu zitaingia." Zitaingia, ndiyo. Na baada ya hizo tatu itaingia bodaboda na bajaji. Niambie lakini, Noah tatu zikikaa mbele yako zinakuchelewesha sekunde ngapi? Sita? Saba? Tunavyolinda ile nafasi kwa kugusanisha bampa, mtu angedhani tunalinda kiwanja cha urithi. Anayekaa amegusana na gari la mbele halazimiki tu kukanyaga breki kila huyo wa mbele anapokanyaga. Analazimika kukanyaga zaidi yake, kwa sababu amechelewa kuona. Kisha akiona upenyo anakanyaga mafuta kwa hasira ili auzibe. Breki, mafuta, breki, mafuta, mpaka Kimara. Abiria wa nyuma anatapika na tanki linapungua.

Kuhusu kukimbia, nina la kusema juu ya upanuzi wa barabara yetu. Kipande cha Kimara hadi Kibaha kina kilomita 19.2, na tangu kilipoongezwa njia watu wamekiona kama kiwanja cha ndege. Upinzani wa hewa hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka 80 kwenda 110, upepo unaousukuma unakaribia kuwa mzito maradufu, na hiyo ni kila mita, hata bila kugusa breki. Na unapata nini? Kipande hicho chote kingekuwa wazi, bila tuta, bila zebra, bila alama ya 50, kukipita kwa 80 kungechukua dakika 14 na nusu. Kwa 110, dakika 10 na nusu. Dakika nne. Ukifika Kimara foleni inakusubiri na dakika zako nne unazikabidhi pale pale, pamoja na yule uliyempita Kiluvya ukimpigia honi, ambaye sasa amesimama ubavuni kwako anakula karanga. Hapo sijaweka faini, kwani wenye tochi nao wanakijua kipande hicho vizuri.

Kuna mambo mawili ya chini ya gari ambayo ni bure au karibu na bure, na bado hatuyafanyi. La kwanza ni upepo wa matairi. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo yake: magari mengi yaliyotoka Japani yana kibandiko chenye kipimo kwa kPa, 220 ni karibu na 32 kwenye geji ya fundi wetu wa pancha. Usiseme "weka kama kawaida", taja namba, na upimie tairi zikiwa za baridi, si baada ya kutoka Mlandizi saa nane mchana. Tairi legevu hujikunja kila mzunguko, linakula mafuta, linapata joto, na kwenye mwendo mkubwa joto hilo ndilo linalolipasua.

La pili ni kitufe kidogo kwenye mkono wa gia za otomatiki, kile kinachowasha maandishi O/D OFF kwenye dashibodi. Nimepanda magari ambayo taa ile inawaka na mwenyewe hajui ni ya nini; mmoja aliniambia kwa kujiamini kabisa kwamba ni ya kuonyesha injini ina nguvu. Taa hiyo ikiwaka, gari limezuiwa kuingia gia ya juu kabisa. Barabara ya Morogoro yote unakwenda na injini inalia kwenye mizunguko mingi bila sababu. Kitufe hicho kina kazi yake kwenye milima ya Lushoto. Kibamba hakina kazi.

Mengine nayapitia upesi. Ondoa keria juu ya paa kama hubebi kitu. Shusha gunia la mkaa lililokaa kwenye buti tangu ulipotoka safari. Kiyoyozi kwenye mwendo mkubwa si adui. Ukifungua vioo vyote vinne kwa 90 nao upepo unakudai. Vidonge vya kutia kwenye tanki na vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti vinavyodaiwa kupunguza ulaji, pesa yake nunulia chapati.

Gia huru mteremkoni, hiyo naisemea zaidi, kwa sababu madereva wanaoamini wanajua kuendesha ndio hupenda kuifanya. Zamani, enzi za kabureta, ilikuwa na maana yake. Injini za sindano tulizonazo leo zinafunga petroli kabisa pale gari linaposhuka likiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka gia huru, injini haisukumwi tena na chochote, inabidi ijichomee petroli yake isizimike. Unalipa ili usibane matumizi. Juu ya hapo umeipoteza injini kama msaidizi wa breki, ukiwa nyuma ya lori la makontena.

Lakini hakuna lolote kati ya haya utakaloliamini usipopima, na wengi wetu hatupimi kwa sababu tunanunua mafuta kwa noti: "tia ya ishirini". Ukinunua kwa noti hujui umechoma lita ngapi, unajua tu kwamba mshale umeshuka tena. Jaza tanki mpaka bomba lijikate, sifurisha kile kihesabu kidogo cha safari, endesha wiki nzima, kajaze tena sheli ile ile mpaka lijikate. Gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Wiki inayofuata endesha kwa utulivu, pima tena. Wapo majirani wanaobeba tanki tupu hadi Dar ili wafaidi bei ya huko iliyo pungufu kwa shilingi chache. Hata zikiwa tano kwa lita, ukijaza lita 30 umeokoa shilingi 150. Ni breki moja na nusu.

Mtu ataniuliza juu ya gesi. Kwa anayekwenda kilomita 80 kila siku, kufunga mfumo wa gesi kuna mantiki, na gesi ni ya kwetu, ya Songosongo na Mtwara. Ila panga foleni ya kujaza ndipo uniambie muda wako una bei gani, na mtungi utakula nusu ya buti. Isitoshe, gesi nayo hupotea kwenye breki vilevile.

Serikali ina sehemu yake. Wanaokumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 watakuambia kuhusu amri ya Jumapili, pale ambapo baada ya saa nane mchana gari binafsi halikutakiwa barabarani bila kibali, kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia mafuta. Siombi amri kama ile irudi. Naomba jambo dogo zaidi: utumishi wa umma unaanza saa 1:30 asubuhi kwa kila mtu, benki na maduka yanafuata, na matokeo yake watu wote wa Mlandizi, Kibaha, Kibamba na Mbezi wanagombea lami moja kwa saa ileile, injini zikiwaka pasipo kusogea. Gari lililosimama likiunguruma linakwenda kilomita sifuri kwa lita, hata kama dereva wake ni malaika. Idara zingegawana saa za kuingia, nusu zianze saa 1:30 na nyingine saa 3:00, mafuta ambayo yangeokolewa asubuhi moja hayahitaji ruzuku.

Wakati tukisubiri hilo, tazama lango la mtaa wenu alfajiri. Gari la kwanza mtu mmoja, la pili mtu mmoja, la tatu mtu mmoja na mkoba wake. Wote wanaelekea mjini. Watu wanne wakigawana gari moja, ile 528,000 ya dereva mwenye fujo inakuwa 132,000 kwa kila mmoja, na hakuna mguu wa kulia mtulivu kiasi hicho duniani. Nazungumzia majirani wanaochangiana mafuta. Kuokota abiria wa kulipa kituoni bila leseni ya LATRA ni kosa, na trafiki wanalijua hilo kuliko wewe.

Tunaikwepa lifti kwa sababu tunaogopa kungojana, na hofu hiyo ina ukweli. Yupo atakayesema "nipo mlangoni" huku maji ya kuoga yakisikika kwenye simu. Kwa hiyo wekeni masharti mapema: magari yapokezane kwa wiki, mchango utolewe tarehe ya mshahara na si "nitakutumia", asiyefika langoni saa kumi na moja na robo aachwe. Aachwe kweli, hata akiwa shemeji. Atapanda daladala la Mlandizi siku hiyo, na nauli atailipa mwenyewe.