Garimoshi lililopeleka mafua hadi nyumbani

“Homa hana, aende tu.” Mzazi husema hivyo asubuhi ya safari, mtoto akiwa na kikohozi kidogo na basi linakaribia kuondoka. Septemba 1918, maofisa wa Cape Town, Afrika Kusini, walifanya uamuzi wa namna hiyohiyo.

Meli mbili, Jaroslav na Veronej, zilikuwa zimewarudisha wanaume waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Njiani zilipitia Freetown, ambako mafua makali yalikuwa yameshaingia. Wagonjwa walilazwa. Waliobaki walitengwa kambini siku chache, wakaonekana wazima, wakapandishwa treni kwenda makwao.

Shida ni kwamba mwenye mafua huanza kuambukiza takriban siku moja kabla ya kuona dalili. Safari ya garimoshi hadi Kimberley, karibu kilomita 1,000, ilichukua zaidi ya siku nzima. Mtu aliweza kupanda mzima akashuka anatetemeka. Tena injini ya mvuke haiendi mbali bila maji na makaa ya mawe, hivyo ilisimama stesheni nyingi, abiria wakishuka kunyoosha miguu na kununua chakula. Kwenye daraja la tatu, walikowekwa Waafrika, watu walibanana.

Kimberley ilipigwa vibaya, hasa makambi ya wachimbaji wa almasi. Walionusurika walidai warudi kwao, na nani angewalaumu? Waliporuhusiwa, treni ziliwafikisha wao pamoja na ugonjwa. Oktoba, mafua yakaingia Bulawayo kwa njia hiyohiyo ya reli.

Watafiti wanakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa Afrika Kusini, wengi wao ndani ya wiki sita. Kinachouma zaidi ni umri: mafua yale yaliua zaidi watu wa miaka 18 hadi 40, yaani baba na mama wa watoto wadogo. Yatima walikuwa wengi mno, vikafunguliwa vituo vipya vya kuwalea. Mwaka 1919 serikali ikapitisha sheria ya afya ya umma na kuunda idara ya afya.

Mtoto aliyeamka na kikohozi siku ya safari, ni bora safari yake iahirishwe. Isipowezekana, avae barakoa, akae penye dirisha lililo wazi, na anawe mikono kila basi linaposimama.