Ushahidi wa Siku Tatu

Ndugu msomaji, kumezuka katika majumba yetu mashahidi wa aina mpya. Ni vijana wanaosoma nchi za mbali, ambao huchukua siku mbili tatu za mapumziko wakaenda kuutazama mji mkubwa, kisha wakatuhukumia mji mzima pamoja na watu wake. Na wako wazee wanaokaa barazani wakayapokea maneno hayo kama hukumu iliyotoka kwa kadhi. Mimi nasema wazi: ushahidi huo haufai, na anayeupokea bila ya kuuliza ana lawama kubwa kuliko kijana anayeutoa.

Tuuchukue mji wa Istanbul. Miaka hii vijana wetu wengi wanasoma Uturuki kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo. Mmoja anasoma Konya, akapanda treni ya mwendo kasi siku ya Ijumaa, baada ya saa 4 au 5 akawa Istanbul. Akalala karibu na Taksim, usiku akatembea barabara ya Istiklal, akaona vilabu vya ulevi na watu wakipita huku na huku. Jumapili akarudi. Hukumu yake: Uislamu Uturuki umekwisha. Mwenzake akaenda mji huo huo, lakini alifikia mtaa wa Fatih, akasali Alfajiri Eyüp, penye kaburi linalonasibishwa na sahaba Abu Ayyub al-Ansari, akakuta msikiti umejaa. Hukumu yake: ule ni mji wa mawalii. Mji mmoja, wenye watu zaidi ya milioni 15, na hukumu mbili zinazopingana! Yule wa kwanza hata hakuuona msikiti mkubwa uliofunguliwa hapo hapo Taksim mwaka 2021, nao uko hatua chache tu kutoka barabara aliyoitembea.

Wote wawili walipiga picha mbele ya Ayasofya. Jengo hilo lilimalizwa mwaka 537 likiwa kanisa, likafanywa msikiti mwaka 1453, likageuzwa makumbusho kwa amri ya mwaka 1934, likarudi kuwa msikiti mwaka 2020. Jengo moja tu lina habari ya karibu miaka elfu moja na nusu, na kijana amekwisha kulimaliza kwa picha moja.

Mtu atasema: Sheikh, waache vijana wazungumze, maneno hayamvunji mtu mbavu. La hasha! Maneno haya yanavunja. Katika bonde letu la Kilombero najua nyumba moja ambayo binti alisoma kwa bidii, akapata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi Konya. Bweni la wasichana lilikuwapo, nauli ilikuwapo, na baba alikuwa ameridhia. Usiku mmoja baba akasikiliza habari za siku tatu za Istanbul kutoka kwa mpwa wake. Asubuhi akasema: binti haendi. Nafasi haimngoji mtu; ikapewa mwingine. Lau baba angekataa kwa hoja ya mahramu, au ya gharama, au kwa kuwa amechunguza bweni asiridhike nalo, ningenyamaza, maana hiyo ni haki yake na ni amana yake. Lakini amekataa kwa sababu ya mji ambao binti hakuwa akienda kusoma! Konya iko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Istanbul. Ni sawa na mtu wa Tanga kumzuia mwanawe asije Ifakara kwa sababu ya mambo aliyoyasikia ya Kariakoo. Na wanawake wetu wanaojifungua huku bondeni wamekosa muuguzi wa kike.

Dini yetu haikutuacha bila ya mizani katika jambo hili. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar bin al-Khattab, radhi za Mungu ziwe juu yake. Sayyidna Umar akamwuliza kama ni jirani yake anayemjua akiingia na akitoka, akasema sivyo. Akamwuliza kama amepata kusafiri naye, akasema sivyo. Akamwuliza kama amefanya naye biashara ya dinari na dirhamu, akasema sivyo. Basi Sayyidna Umar akaukataa ushahidi wake, kwa kuwa pengine alimwona tu msikitini akiinama na kuinuka. Ikiwa mtu mmoja hajulikani kwa kutazamwa, mji wa watu milioni 15 utajulikanaje kwa mwanafunzi aliyelala mausiku mawili? Aliishi na jirani gani? Alikopeshana na nani? Aliuguzwa na nani?

Na sisi tunajua uchungu wa kuhukumiwa hivyo. Mimi naandika kutoka Mkula, kijiji kilicho chini ya milima ya Udzungwa, katika njia ya Mikumi kwenda Ifakara. Tangu milima hiyo ifanywe hifadhi ya taifa mwaka 1992, wageni huja kutazama maporomoko ya Sanje. Hushinda siku moja, wakapiga picha ya nyumba ya udongo na mtoto aliye pekupeku, wakaenda zao. Hawakuuona mfereji unaoleta maji ya mlimani katika majaruba ya mpunga, wala wakulima wanavyopeana zamu za maji. Hawakuwasikia watoto chuoni baada ya Alasiri. Mgeni huyo akirudi kwao akasema kuwa watu wa kule ni mafukara wasiojua lolote, tutaghadhibika, na tutakuwa na haki. Basi mbona tunayowakatalia wageni tunawahalalishia watoto wetu?

Huenda mtu akanijibu: Ibn Battuta naye alilala Mombasa usiku mmoja tu, mwaka 1331, na habari zake tunazisoma mpaka leo. Kweli. Lakini tazama alichotuachia. Alieleza kuwa misikiti ilikuwa ya mbao, na kwamba milangoni mwake palikuwa na visima, watu wakiteka maji kwa chombo chenye mpini na kuosha miguu kabla ya kuingia. Hayo usiku mmoja unayatosha. Watu wenyewe aliwasifu kwa dini na uaminifu, na dhana njema haimdhuru mtu. Lakini dhana mbaya haijengwi juu ya usiku mmoja.

Hapo ndipo penye mpaka. Siku tatu zinatosha kuona kazi za watu. Hazitoshi kuhukumu nyoyo zao. Kijana akifika Istanbul, na aende Süleymaniye, msikiti uliojengwa na Sinan na kumalizwa mwaka 1557. Aulize ilikuwaje madrasa, hospitali na jiko la kulisha maskini vikawekwa pamoja na msikiti na kuendeshwa kwa mali ya wakfu. Aulize mapato yalitoka wapi, nani aliyasimamia, na hesabu ilikaguliwaje. Akirudi na jawabu hilo, sisi wenye wakfu zinazooza huku pwani na bara tutampisha akae mbele.

Na anayetaka kuwajua watu, afanye kama alivyofanya Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait. Alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861, na katika miaka ya 1880, hata miaka 30 hajatimiza, alikwenda Istanbul. Hakwenda kutembea barabarani na kurudi. Alikaa kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, akasoma kwake, akapita na Misri, kisha akarudi Unguja, akawa kadhi mpaka alipofariki mwaka 1925. Huyo ndiye shahidi.

Enyi vijana, safirini, wala sisemi mjifungie mabwenini. Lakini mkirudi semeni: nimeona mtaa huu, saa hizi, kwa siku hizi. Na enyi wazazi, kabla ya kumzuia binti au kumsukuma mtoto wa kiume aende, ulizeni maswali ya Sayyidna Umar. Pigeni simu kwa anayeishi katika mji wenyewe miaka mitatu, muacheni wa siku tatu. Aya ya 36 ya Suratul Israa yatukumbusha kuwa sikio nalo litaulizwa, si ulimi peke yake. Siku hiyo baba hatapata kusema, mpwa wangu ndiye aliyeniambia.

Wabillahi tawfiq.