Meno ya Kahawia: Je, ni Adhabu ya Mungu?



Katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, tangu Ngurdoto na Maji ya Chai hata pembezoni mwa jiji letu la Arusha, twawaona watoto wenye meno ya kahawia, na wengine miguu yao imepinda. Wazazi hunung'unika: tumemkosea nini Mungu? Nao majirani hunong'ona kwamba ukoo ule una laana.

“Laana” hiyo inajulikana, nayo ni madini ya floraidi. Meru ni volkano, na maji yapitayo katika miamba yake huyeyusha madini hayo na kuyashusha visimani na mitoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya ukanda huu huvuka kikomo hicho mara kadhaa. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yangali yakijijenga hubaki na alama maisha yake yote. Hata magadi tunayotia katika maharage huongeza floraidi, jambo ambalo akina mama wengi hawajaambiwa.

Sasa, nani katenda dhambi hapo? Wanafunzi walimwuliza Bwana swali kama hilo mbele ya kipofu (Yohane sura ya 9), naye hakumtwika lawama kipofu wala wazazi wake. Alifanya tope, akamponya. Marafiki wa Ayubu nao walihubiri kwa ufasaha kwamba ateswaye ana lake alilolitenda. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake Salvifici Doloris ya mwaka 1984, alifundisha kwamba mateso ya Ayubu ni ya mtu asiye na hatia. Hatusemi dhambi haina madhara. Mlevi huharibu ini lake mwenyewe. Lakini mtoto mchanga wa Maji ya Chai?

Hatumkatazi mama kumlilia Mungu, hata kwa uchungu. Tunaukataa mnong'ono, kwa kuwa humsingizia Mungu, na aaminiye laana haendi serikali ya kijiji kuuliza maji yalipimwa lini. Hapo Ngurdoto wataalamu wa serikali wamechuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ileile tunayowatupia mbwa!

Jumuiya Ndogo Ndogo zipangapo ziara kwa wagonjwa, zianzie kwa familia hizi, na ziwasaidie kupata vyombo vya kukingia maji ya mvua kwa ajili ya watoto wachanga.